Muulize Fundi: Maandishi yanafutika kwa kidole

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kibanda cha fotokopi jirani na shule. Nimeweka tona ya bei nafuu, sasa maandishi yanafutika kwa kidole. Wino huu mkavu hushikaje karatasi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Tona si wino, ni unga wa plastiki wenye rangi. Umeme tuli huuvuta kwenye ngoma (silinda iliyo ndani ya mashine), kisha kwenye karatasi. Rola za moto ndizo zinazouyeyusha ukashika. Usipoyeyuka, hukaa juu kama vumbi la barabarani. Ama tona hiyo inahitaji joto kubwa kuliko la mashine yako, ama rola zimechoka. Rudisha tona ya zamani kwanza uone, kabla hujamlipa fundi (hata mimi).

Chester Carlson, mvumbuzi wa fotokopi, hakuwa na tona kabisa alipotoa nakala ya kwanza. Tarehe 22 Oktoba 1938, pale Astoria, New York, bamba la zinki lililopakwa salfa lilisuguliwa kwa kitambaa, likapigwa mwanga, likanyunyiziwa unga wa mimea. Karatasi ya nta ikauchukua unga, naye akaipasha moto nta ikaushika. Moto uleule unaokusumbua wewe.

Na tona ikikumwagikia, usifue kwa maji ya moto. Itaganda nguoni.