Mshahara mnono watoto wawili, jembe la mkono watoto saba: nilichokiona kwetu

Mleta mada ameuliza kwa nini mwenye mshahara mzuri anaishia watoto wawili na asiye na kitu anafika saba, nane, na akajijibu kwamba pesa ndiyo inapunguza watoto. Mchangiaji mmoja hapo juu kamaliza kazi kwa sentensi moja: masikini hawana starehe nyingine usiku. Hiyo hoja naisikia tangu niko sekondari, na huwa inatoka kwa watu ambao hawajawahi kupalilia pamba.

Mimi ni wa tisa kwetu, Sengerema, mkoani Mwanza. Mama alizaa kumi na mmoja, tuko hai wanane. Msimu wa kuchuma tulikuwa tunaingia shambani na umande, kila mtu na kiroba chake. Jioni tunamwaga uani, wadogo wanatenga pamba safi na fifi (ile ya daraja la chini), wakubwa wanashindilia magunia. Baba hakuwahi kulipa kibarua. Mtoto wa miaka sita anachunga mbuzi, wa kumi anapelekwa kwa ng'ombe, wa kike anachota maji huku mdogo wake yuko mgongoni. Gharama yetu ilikuwa kaptura moja ya shule, daftari, na ugali unaotoka shamba lile lile tunalolima. Ukipiga hesabu hiyo, wa tisa hakuwa mzigo. Alikuwa mikono miwili zaidi.

Tena pale kijijini aliyekuwa na watoto wengi kuliko wote ndiye aliyekuwa tajiri kuliko wote. Mzee mmoja jirani yetu, wake wanne, ng'ombe hata hesabu hasemi, watoto wanapita ishirini. Mali ya mifugo inataka wachungaji. Takwimu za uzazi hazimwoni mzee huyo, kwa sababu zinahesabu kwa mwanamke, na kila mke wake anaonekana wa kawaida tu.

Sasa njoo kwenye takwimu zenyewe. Utafiti wa afya na uzazi Tanzania wa 2015-16 uligawa kaya mafungu matano kwa hali ya maisha: wanawake wa fungu la chini kabisa wastani wao watoto 7.5, wa fungu la juu 3.1. Ule wa 2022 ukatoa wastani wa taifa 4.8, mjini 3.6, vijijini 5.5. Kwa hiyo mleta mada hajaota. Ninapogoma ni pale anaposema pesa ndiyo inapunguza watoto. Pesa ingekuwa hivyo, yule mzee wa ng'ombe angekuwa na wawili.

Kinachobadilika ni bei ya mtoto mmoja. Mimi nina wawili, tunaishi Tabata, Dar. Mtoto wa pili alipoanza shule, niliandika matumizi kwenye daftari mwezi mzima: ada, basi la shule, tuisheni, dada wa kazi, dawa, nywele za binti (msicheke, nywele zina bajeti yake). Wawili hawa walikuwa wanakula zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Na hakuna anayenichungia hata kuku. Nikipata nyongeza ya mshahara sifikirii wa tatu, nafikiria kuwahamishia shule bora zaidi. Jirani zangu nao hivyo hivyo. Kadiri kipato kinavyopanda, na kiwango cha "mtoto aliyelelewa vizuri" kinapanda nacho, mnabaki mnakimbizana.

Halafu kuna muda wa mama, ambao wanaume humu tunaupita haraka. Mke wangu ameajiriwa. Sheria ya ajira ya 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, na mwajiri halazimiki kutoa likizo hiyo zaidi ya mara nne. Aliporudi baada ya wa pili akakuta kazi zake amepewa mwingine, yeye akasogezwa pembeni kiaina. Hakuna aliyemwambia chochote rasmi. Mjadala wa mtoto wa tatu aliufunga yeye, wala sikubishana. Mama yangu mzazi alijifungua, baada ya wiki chache akarudi shambani na mtoto chini ya mwembe. Kwake mtoto mmoja zaidi hakuwa mshahara uliopotea.

Na kuna vifo. Niliwahi kumuuliza mama kwa nini hawakuishia sita. Akanijibu, "Ningejua ni yupi nitabaki naye?" Mwaka 1999 watoto 147 kati ya kila 1,000 walikuwa wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano nchini, 2022 wamefika 43. Mzazi asiye na pensheni, aliyezika watatu, huwezi kumwambia azae wawili akakuelewa.

Majirani zetu Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alikuwa na wastani wa watoto wanane hivi, 2022 wamefika 3.4. Hawakusubiri watajirike kwanza. Wasichana walikaa shuleni, watoto wakaacha kufa ovyo, ardhi ikabana.

Jingine: hao "wawili" wa watu wa mjini msiwaamini sana. Kwangu wanalala watano. Kuna mtoto wa dada yangu anasoma chuo, na wawili wa marehemu kaka. Ada zao zinatoka mfuko huo huo. Ukizaa wachache mjini ukoo unakuhesabia una nafasi.

Mdogo wangu aliyebaki kijijini ana sita. Alinipigia mwaka huu, salamu ndefu, nikajua kuna jambo. Wa kwanza amechaguliwa kidato cha kwanza, shule iko mbali, inabidi apangishiwe chumba. Ada hakuna tangu 2016, lakini chumba, sare, godoro, vyote ni hela. Shamba la baba tumeshaligawana, kipande chake hakifiki ekari mbili. Mwishoni akashusha sauti, akaniambia mkewe ameenda zahanati akawekewa kijiti cha uzazi wa mpango, na nisimwambie mama.

Mama anajua. Ndiye aliyempeleka.