Muulize Mwalimu: Picha za mapafu meusi zitawazuia?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa pili kazini, nafundisha wanafunzi wa miaka 13 na 14. Wavulana watatu wamekutwa wakivuta sigara nyuma ya vyoo, na mkuu wa shule amenikabidhi kuandaa siku ya kupinga dawa za kulevya. Anataka picha za mapafu yaliyooza, na kijana aliyewahi kuwa mraibu aje kutoa ushuhuda. Nimepewa saa mbili. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha hizo mimi nilizibandika ukuta mzima. Nimefundisha biolojia miaka 22, na mwaka wa tano niliandaa siku kama hiyo hiyo. Kijana aliyeacha unga alisimama jukwaani akasimulia maisha yake, watoto wakalia. Nilirudi nyumbani nikijua nimefanya kazi. Kesho yake msichana mmoja alinifuata mezani akaniuliza: "Mwalimu, yule kaka alitumia miaka sita, akaacha, sasa ana afya na watu wanampigia makofi. Kumbe mtu akitaka anaacha?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nimefundisha hatari, yeye alikuwa ameelewa kwamba hatari ina mlango wa kutokea.

Baadaye nilijifunza kwamba jambo hilo linajulikana. Shirika la Afya Duniani na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya, katika mwongozo wao wa kinga wa mwaka 2018, wanataja kutisha watoto, mihadhara ya upande mmoja na ushuhuda wa waliokuwa waraibu kuwa mambo yasiyozaa matunda, au hata yanayodhuru. Marekani walijaribu kwa upana. Mwaka 1983, Los Angeles, polisi walianza kuingia madarasani kufundisha watoto kukataa dawa, na mpango huo, D.A.R.E., ukaenea nchi nzima. Watafiti walipowalinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa, tofauti ilikuwa ndogo mno, na mpango ukalazimika kubadilishwa.

Fikiria sigara ya kwanza inavyomfikia mtoto. Haiji na mapafu meusi. Inakuja mkononi mwa rafiki anayempenda, wengine wakitazama, naye ana sekunde tatu za kuamua. Anachohitaji hapo ni maneno yaliyokwisha kukaa mdomoni.

Kwa hiyo waigizaji wako wawe wanafunzi wenyewe. Wapange wawili wawili, mmoja akishawishi, mwingine akikataa. Mshawishi ashawishi kweli: "Bado unaogopa mama?" "Onja tu, nani atajua?" Mara ya kwanza watacheka, na anayekataa ama atakubali ama atatoa hotuba ndefu. Usikasirike, rudieni. Kwenye mara ya tatu sauti hutulia. Nilikuwa na mvulana mwenye kigugumizi, maneno yote tuliyoyatunga yalimshinda. Akagundua njia yake: anageuka, anaanza kutembea, anasema, "Nakwenda. Unakuja?" Darasa zima likaiga.

Jambo la pili ni karatasi ndogo zisizo na majina. Kila mmoja aandike anadhani wenzake wangapi darasani wamevuta mwezi huu, kisha aandike kama yeye amevuta. Idadi wanayoidhani huwa kubwa kuliko idadi ya wanaovuta kweli. Watafiti wawili wa Marekani, Perkins na Berkowitz, walilionyesha jambo hilo kuhusu pombe mwaka 1986, kwa wanafunzi wa chuo kikuu, nami nililiona kwa watoto wangu mwaka baada ya mwaka. Mtoto akijua kwamba wengi hawavuti, upweke wa kukataa unapungua. Lakini zisome karatasi peke yako kwanza. Ukikuta wanaovuta ni wengi kweli, usitangaze.

Mwombe mkuu azigawe saa zako mbili ziwe vipindi vinne vya nusu saa, wiki nne. Hili usilegee, mazoezi ya siku moja hufutika. Na wale wavulana watatu wasisimamishwe mbele ya shule, wala wasifukuzwe. Mtoto anayefukuzwa hushinda na yule aliyempa sigara. Kaa nao, mmoja mmoja, uulize ilianzaje, halafu unyamaze usikilize.

SWALI: Mimi ni baba, navuta tangu kabla mwanangu hajazaliwa. Sasa ana miaka 12. Nina uso gani wa kumkataza?

JIBU: Unao, ndugu yangu, ukisema kweli. Usimwambie "fanya nisemavyo". Mwambie umejaribu kuacha mara ngapi, na ilikuwaje ukashindwa. Mweleze kwamba nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu awe mraibu, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu tangu moshi uvutwe, ndiyo maana mwili huikumbuka upesi hivyo, na ubongo wa mtoto, ambao huendelea kukua hadi karibu miaka 25, hunaswa haraka kuliko wako. Kikohozi chako cha alfajiri anakisikia, usikifiche. Hayo si sawa na ushuhuda wa jukwaani niliousema hapo juu, kwa sababu wewe hujashinda bado, na yeye anakuona kila siku.

Iceland, mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa katika siku 30 zilizotangulia. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5. Walifanya mengi, michezo na sanaa baada ya masomo ikiwemo, lakini wazazi waliombwa jambo lililo ndani ya uwezo wako pia: kuwa na watoto wao muda mwingi zaidi, na kujua jioni wako wapi na nani.

Usivutie tena ndani ya nyumba. Na kuanzia leo, usimtume kukununulia sigara wala kukuletea kiberiti.