Pamba kwanza, sindano baadaye

Mbwa wangu Tomi alianza kutikisa kichwa wakati wa mvua za vuli. Nikadhani kupe kamuingia sikioni. Kesho yake akawa anajikuna hadi analia, na nilipofunua sikio nikapokewa na uvundo, usaha umegandia manyoya.

Nikafanya tunachofanya wengi. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza kwa mdomo, nikapewa oksitetrasaiklini, antibayotiki ya sindano, na kijana wa mtaani anayechoma ng'ombe sindano akaja kumchoma. Siku nne usaha ukapungua. Wiki ya pili ukarudi, tukachoma tena. Mara ya tatu hata haukupungua. Miezi miwili ikakatika, mbwa hataki kuguswa kichwa.

Daktari wa mifugo niliyempata baadaye hakushika sindano. Aliuliza kwanza dawa zote nilizompa, kisha akazungusha kijiti cha pamba ndani ya sikio, akakiviringisha juu ya kioo chembamba, kioo hicho akakipitisha kwenye moto wa kiberiti, akakichovya kwenye rangi, akasuuza. Dakika kumi hazikufika. "Kaka, njoo uchungulie."

Kwenye hadubini kulikuwa na vitu vya zambarau. Vya duara, akasema, ni kokasi, aina ya bakteria, na baadhi yao huishi kwenye ngozi ya mbwa hata akiwa mzima. Vyenye umbo la karanga ni fangasi, na hao antibayotiki haiwagusi kabisa. Vyenye umbo la vijiti, nao ni bakteria, ndivyo vinavyomtia wasiwasi. Tomi alikuwa amejaa vijiti.

Ndipo ikaja pamba ya pili, safi, ikaingizwa kwenye kichupa chake na kupelekwa maabara kuoteshwa. Vimelea huachwa usiku kucha kwenye joto kama la mwili. Vikishaota na kutambuliwa, vinapakwa kwenye sahani nyingine na kuwekewa vikaratasi vyenye dawa tofauti. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kuzunguka karatasi yake, na duara hilo hupimwa kwa milimita. Ndiyo maana majibu huchukua siku kadhaa. Usimsumbue mtu wa maabara kwa simu kama nilivyofanya mimi.

Siku ya nne yakatoka: Pseudomonas aeruginosa, bakteria wa umbo la kijiti. Mdudu huyu kwa asili yake oksitetrasaiklini haimtishi, ningechoma hata mwaka mzima. Daktari alikisia kwamba mwanzoni walikuwepo kokasi, sindano zangu zikawafagia na kuwaachia uwanja hawa wagumu. Dawa iliyomuweza ilikuwa matone ya jentamaisini, antibayotiki nyingine, lakini kabla ya kuyatia alihakikisha ngoma ya sikio haijatoboka, maana dawa hiyo inaweza kuharibu usikivu.

Kwa hiyo mbwa wako akitoa usaha, usimsafishe sikio asubuhi ya kwenda kliniki. Mimi nilitaka kumpeleka msafi, kwa aibu tu. Usimtie dawa njiani pia, na taja kila ulichompa, hata matone ya binadamu. Kama fedha ya kuotesha haipo, omba angalau kile kipimo cha kioo. Kama kinachopimwa ni mkojo, nao usiuchote sakafuni: ukiokota vijidudu vya sakafu, majibu yatakudanganya. Daktari huuvuta kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofu, na ukichelewa kufika maabara unawekwa kwenye ubaridi.

Si kila bakteria huoteshwa hivi, lakini. Ehrlichia, anayeletwa na kupe, hujificha ndani ya chembe za damu, hivyo hutafutwa kwa vipimo vya damu. Walio Dar es Salaam wajue kuwa Wakala wa Maabara ya Veterinari upo Temeke.

Usaha ulipokauka nilitaka kuacha matone. Daktari akakataa mpaka atazame kioo kingine. Vijiti vichache bado vilikuwepo. Tukaendelea hadi kioo kikatoka kitupu. Tomi sasa ni mzima, ila akiona kijiti cha pamba, hata ninapojisafisha mimi, anaingia uvunguni mwa gari.