Poka Baada ya Wiki ya Usingizi Haba

SWALI: Wiki nzima kazi imenibana, napata usingizi wa saa 5 tu kwa usiku. Ijumaa nacheza poka kutuliza akili, lakini saa ya mwisho naliwa kila mara. Kwa nini?

JIBU: Uchovu huua subira kwanza, kisha hesabu. Tuseme una kopa 4, unahitaji ya tano ili ushinde, na imebaki karata moja kufunuliwa. Kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 46 usizoziona: asilimia 20 hivi. Mezani pana dau la 150, kufuata (kulipa ili ubaki mchezoni) ni 50: unalipa 50 kati ya jumla ya 200, kwa hiyo unahitaji nafasi ya asilimia 25. Yako haifiki; tupa karata. Mwenye usingizi hufuata, eti “nione tu”.

Tega kengele ya simu kabla ya kuketi. Ikilia, inuka, hasa kama umeliwa. Afadhali zaidi, lala Ijumaa, ucheze Jumamosi mchana.