Jibu kwa mleta uzi: Mama aliyeshtuka na risasi, ngoma na pumzi vinasaidia?

Mleta uzi, pole sana wewe na mama. Umeuliza kama ngoma na mazoezi ya kupumua vinaweza kumsaidia mama yako, ambaye tangu usiku wa risasi za Kitaya, kijiji cha Mtwara mpakani na Msumbiji, Oktoba 2020, pikipiki ikilipua mlio anaingia uvunguni. Nakujibu kwa niliyoyaona. Kijiji chetu hakiko mbali na mto Ruvuma, na usiku walipovuka wale watu wenye silaha kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, tulilala porini na watoto, tumewaziba midomo kwa kanga.

Vinasaidia. Ila ukianza vibaya unamrudisha mtu kulekule alikotoka.

Sisi tulianza vibaya. Miezi kadhaa baadaye wazee wakasema kijiji kimepoa mno, tupige ngoma watu wachangamke. Vijana wakawasha nyasi, wakakausha ngozi za ngoma, wakachomeka vinganga, zile ngoma ndogo, ardhini. Anayevijua vinganga anajua: vinapigwa kwa vijiti vyembamba, sauti kali, tatatata. Mpigaji hajakolea hata kidogo, mama mkwe wangu yuko chini, kifudifudi mchangani, mikono kisogoni. Watoto wawili walikimbilia mikoroshoni, tukawatafuta kwa tochi. Hakuna aliyekusudia ubaya, hatukuwaza tu kwamba mlio ni uleule. Hata msimu wa kuchoma mashamba, mianzi ikipasuka motoni, utaona mtu mzima anatetemeka.

Tukaziacha ngoma. Kilichofungua njia ni kinu. Jioni wanawake wanne watano tulikuwa tukitwanga makopa uwanjani, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanapokea. Mchi nao una mdundo, lakini unauona unapanda, unauona unashuka, haukuvamii. Mama mkwe alikaa pembeni siku tatu, kimya. Siku ya nne akapokea kiitikio, sauti ndogo, macho yako chini. Mimi niliendelea kutwanga huku machozi yananitoka, nikaogopa kusimama asije akanyamaza.

Mambo ya pumzi alituletea mhudumu wa afya wa kijiji. Vuta kwa hesabu ya nne, toa polepole kwa hesabu ya sita, dakika tano asubuhi na jioni. Hiyo inakuwa kama pumzi 6 kwa dakika, na ukirefusha pumzi ya kutoa, moyo nao unapunguza mbio. Baadhi ya wazee walisita, wakauliza hii ni ibada ya nani. Mzee mmoja wa dhikri ndiye aliyewatuliza, akasema mbona pumzi ya namna hii tunaijua siku zote. Na ukiangalia vizuri, wimbo wa kutwanga unafanya kazi hiyohiyo: mstari mrefu ni pumzi ndefu ya kutoa. Ndugu waliokimbia mashambulizi ya Palma, Msumbiji, Machi 2021 walipofika kwetu hatukuwa na la kuwafundisha. Wamakonde wa ng'ambo na wa huku nyimbo nyingi ni zilezile, walikaa tu wakaitikia.

Nakusihi jambo moja: usimwambie mama afumbe macho. Gizani ndiko picha zinakorudi. Awe macho wazi, miguu peku mchangani, ataje anavyoviona: mkorosho, kuku, ndoo. Wala usimlazimishe kusimulia. Kwetu hadithi zilitoka zenyewe, tena ndani ya wimbo. Jirani yangu mmoja jioni moja aliingiza kwenye mstari mbuzi wake aliyemwacha amefungwa kambani. Sote tukaitikia mbuzi yule, mpaka usiku ukaingia.

Vinganga vilirudi baada ya kama mwaka, mchana, watu wametangaziwa mapema. Mama mkwe aliomba kijiti ashike mwenyewe. Akapiga mara moja, akanyamaza. Akapiga tena. Mlio ukitoka mkononi mwako unajua lini unakuja na lini unakoma. Lipiko, yule mchezaji anayevaa kinyago, tulimwacha mpaka mwisho kabisa, maana mtu aliyefunikwa uso si wa kumletea mtu ambaye bado anaota vibaya.

Na kama mama halali wiki nzima, hali chakula, au anasema bora afe, usingoje wimbo. Mpeleke hospitali haraka, ikiwezekana Ligula, ile ya rufaa pale Mtwara mjini. Tuna kijana hapa nyimbo hazikumfikia, dawa na kuongea na daktari ndivyo vilivyomwinua, kisha ndipo akarudi uwanjani.

Leo jioni muulize mama alipokuwa msichana alitwanga kwa wimbo gani. Usimuulize lingine. Akiuanza, wewe pokea. Kama ni wa upande wa Newala huenda naujua, uandike hapa nikusaidie kiitikio.