Usiukate kabla hujauona Agosti

Juzi msomaji mmoja wa Pawaga, Iringa, amenitumia picha ya mti uliopukutika majani yote, chini yake mahindi yamestawi. Anauliza: "Kaka, huu si umekufa? Niukate nichome mkaa?" Niliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Mti kama huo niliuangusha mimi mwenyewe.

Nimezaliwa Mafinga, nikakulia kwenye misindano na mikaratusi, miti ya kijani mwaka mzima. Kwangu mti usio na jani wakati wa mvua ulikuwa umekufa, basi. Niliponunua shamba Isimani, upande mkavu wa Iringa, katikati ulikuwepo mmoja mnene wenye miiba. Januari, nyasi zinafika magotini, wenyewe mtupu. Mahindi ya chini yake yalikuwa yamezidi ya kwingine kwa kimo. Sikujiuliza kwa nini. Nikakodi msumeno.

Ulipolala chini niliona gome lake kwa ndani ni kijani kibichi. Mzee jirani akaja, hata salamu ya Kihehe, "kamwene", hakuniambia. Aliinama, akaokota tunda kavu la rangi ya chungwa, limejikunja kama sikio, akaniwekea kiganjani. "Mwanangu, mbuzi wangu kiangazi walikuwa wanakula hapa." Akaondoka zake. Neno lile linanichoma mpaka leo.

Ulikuwa mgunga, ule ambao wataalamu huuita Faidherbia albida. Wenyewe huishi kinyume na wenzake: mvua zikianza unapukutisha, kiangazi kikiingia unachanua majani, kwa sababu mzizi wake mkuu unayafuata maji chini sana. Ndiyo maana hauyanyimi mahindi mwanga, na majani yake yanageuka mbolea palepale.

Nilitaka kulipa deni, nikanunua miche ya mgunga. Nikaimwagilia miaka miwili, kumbe muuzaji kanipa mgunga mwingine! Jina hilo tumelibandika kwenye miti mingi ya miiba. Sasa siulizi jina, naangalia miiba na tunda. Ule wa shambani miiba yake imenyooka, inatoka miwili miwili, na tunda ni pana. Ule niliouziwa una miiba mirefu myeupe iliyochanganyika na mifupi iliyopinda kama ndoana, na tunda jembamba lililojisokota. Wala usiuchanganye na mninga, nao hupukutika, lakini kiangazi. Tunda lake ni duara lenye bawa, katikati limejaa vinywele vigumu, na ukiuchanja gome unatoa utomvu mwekundu kama damu.

Ndugu zangu, tuna haraka mno na panga. Mti uliovumilia ukame wa Isimani kabla hatujazaliwa tunauhukumu kwa kuutazama mara moja! Kwangu sasa migunga kumi na mmoja imeshika, nimeiotesha mwenyewe kwa mbegu nilizoloweka kwenye maji ya moto usiku kucha.

Ndugu wa Pawaga, kwangua kijitawi kwa ukucha leo. Kikiwa kijani, acha msumeno, kisha Agosti unitumie picha nyingine ya mti huohuo.