Fundi anasema Noah yangu itatumia maji, nimpe hela?

SWALI: Shikamoo injinia. Nina Noah nabeba abiria, petroli inanimaliza. Kuna fundi hapa Morogoro anataka laki tatu na nusu anifungie kichupa anachokiita fueli seli ya haidrojeni, unaweka maji na magadi kidogo, mafuta yanapungua nusu. Anasema ndo teknolojia ya Toyota Mirai, lile gari la haidrojeni. Na je, naweza kutumia hiyo hiyo kupata umeme shambani?

JIBU: Marahaba. Usimpe hata mia. Hiyo hela nunua plagi mpya, safisha nozeli, jaza upepo matairi, utaona nafuu kuliko hicho kichupa. Samahani naanza kwa ukali ila haipiti wiki sijaulizwa hili swali, linabadilika jina tu, mara HHO, mara gesi ya maji, sahivi wamesikia Mirai basi imekuwa fueli seli.

Mirai huiwekei maji bana, yenyewe ndo inayatoa! Kwenye tenki inaingia haidrojeni, gesi, imeshindiliwa kwa presha ya baa 700 (tairi la Noah yako ni baa 2 na kitu, linganisha mwenyewe). Ile gesi ikifika kwenye seli inakuta kiwambo chembamba kimepakwa platinamu, pale inagawanyika, protoni zinapenya kiwambo, elektroni haziwezi kupenya inabidi zizunguke nje kwenye waya, na huko kuzunguka ndo umeme wenyewe unaosukuma mota, halafu upande wa pili zote zinakutana na oksijeni ya hewani yanatoka maji. Hamna moto hapo wala pistoni. Seli moja ikiwa kazini inatoa kama volti 0.7 tu, ndo maana Mirai ya toleo la pili imepangwa seli 330. Ni mashine nzuri mno, kimya, haina moshi, kujaza dakika 5 hivi, na kila kilo ya haidrojeni inatoka kama kilo 9 za maji, wanaanga wa Apollo walikuwa wanakunywa hayo hayo.

Maji sasa ni haidrojeni iliyoshaungua, ni majivu. Unaweza kuyarudisha yawe haidrojeni, ndio, ila lazima uyalipe umeme mwingi kuliko utakaokuja kupata. Ngoja nikupigie hesabu. Kichupa chake kikivuta ampea 20 kwa volti 14 za gari, hizo ni kama wati 280. Hata kingekuwa kizuri kama mtambo wa kiwandani, na sio, kwa saa nzima kitatoa gramu 5 na ushee za haidrojeni, nguvu yake sawa na petroli vijiko vinne vya chai. Na wati 280 zimetoka wapi? Kwa oltaneta, inayozungushwa na injini, injini nayo inakula petroli na sehemu kubwa inapotea kuwa joto, kwahiyo ukirudi nyuma umechoma karibu glasi nzima ya petroli ili upate vijiko vinne. Fundi hawezi kukupigia hii hesabu.

Utasema mbona fulani kafungiwa na mafuta yakapungua kweli. Yanapungua kwasababu wengi wao wanachezea sensa ya oksijeni (ile inayopima moshi wa ekzosi) ili kompyuta ya gari ipunguze petroli, injini inakonda, yaani hewa nyingi petroli kidogo, miezi kadhaa mbele valvu zinaungua halafu hela uliyookoa inaishia kwenye silinda hedi. Na dereva mwenyewe siku za mwanzo anaendesha kistaarabu, anajipima.

Huu utapeli sio wa kwetu tu, Marekani kulikuwa na Stanley Meyer na gari lake la maji, waliomwekea hela wakampeleka mahakamani huko Ohio, mwaka 1996 ikaamuliwa ni ulaghai akaambiwa arudishe. Video zake ndo hizo mnatumiana WhatsApp mpaka leo.

Shambani weka sola na betri ya lithiamu, basi. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kunakula uniti 50 na zaidi, ukiipitisha kwenye fueli seli unarudishiwa 16 mpaka 20, betri ingekurudishia karibu zote.

Na hapa mnisikilize wote, hata wa bodaboda. Fueli seli ya kweli inatenganisha gesi mbili, hicho kichupa kinazichanganya, haidrojeni na oksijeni kwenye bomba moja, cheche moja ikirudi kutoka kwenye injini inalipuka papo hapo. Nimeshaitwa kuangalia gari chupa imepasukia chini ya boneti, na ndani hayakuwa magadi, ilikuwa kostiki, ile kali ya kutengenezea sabuni, ilimrukia kijana mkononi ikamuunguza. Kama kashakufungia, zima injini, chomoa waya wa chupa kwenye betri kabla hujagusa kingine, vaa glavu na miwani ukimwaga hayo maji, halafu akurudishie waya za sensa ya oksijeni zilivyokuwa, na usimuache aondoke kabla hujaona taa ya injini imezimika yenyewe bila yeye kuchomoa balbu.